Maswali ya Wasomaji: Kisadri, lugha iliyofichwa ndani ya Kihindi

Katika makala yetu kuhusu chai ya Assam tulisema, kwa mstari mmoja tu, kwamba wachuma chai wengi wa huko huongea Kisadri. Mstari huo mmoja umetuletea maswali mengi kuliko makala yenyewe. Tumechagua yaliyojirudia, na mawili matatu ambayo hakuna mwingine aliyeyauliza.

Hicho Kisadri si Kihindi tu kinachosemwa vijijini? (Msomaji, Mufindi)

Hapana. Kosa hili tunalo hata sisi, maana tumezoea kuita "Kihindi" chochote kitokacho kinywani mwa Mhindi, kiwe Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi. Kisadri ni lugha ya Kihindi-Kiarya ya upande wa mashariki. Ndugu zake wa karibu ni Kibhojpuri, Kimagahi na Kimaithili, lugha za Bihar. Kihindi sanifu chimbuko lake ni lahaja za eneo la Delhi, kama kilomita 1,000 kutoka Ranchi, mji mkuu wa jimbo la Jharkhand ambako Kisadri kina mizizi yake.

George Grierson, aliyesimamia uchunguzi mkubwa wa lugha za India wakati wa Waingereza, mwaka 1903 alikiweka kama lahaja ya Kibhojpuri. Wengi waliandika hivyo kwa miongo mingi baada yake. Wanaisimu wa sasa hawaoni hivyo. Mwaka 2020 Netra Paudyal na John Peterson walionyesha kwamba Kisadri, Kikhortha, Kikurmali na Kipanchpargania zilikuwa lugha moja, zikaachana kwa sababu kila moja iliishi na majirani tofauti.

Ukitaka kuzitofautisha Kisadri na Kihindi kwa sikio, msikilize mtu akisema anaenda nyumbani. Kwa Kihindi mwanamume husema "main ghar ja raha hun" na mwanamke "main ghar ja rahi hun". Kitenzi kinabadilika kwa jinsia ya msemaji. Kwa Kisadri wote wawili husema "moe ghar jat hõ". Hakuna cha mume wala mke, sawa na "naenda nyumbani" ya kwetu.

Nikitafuta mtandaoni napata Sadri, Sadani, Nagpuri, Nagpuria, hata Gawari. Ni lugha ngapi? Na Nagpur si mji wa machungwa huko Maharashtra? (Msomaji, Tanga)

Ni lugha moja yenye majina mengi, na kila jina lina mwenyewe.

"Sadan" ni jina la wakazi wa siku nyingi wa uwanda wa Chota Nagpur, ulipo mji wa Ranchi, wasiohesabiwa katika jamii za Adivasi, yaani wenyeji wa asili. Lugha yao ikaitwa Sadani au Sadri. "Nagpuri" na "Nagpuria" zimetokana na jina la uwanda wenyewe, uliotawaliwa kwa karne nyingi na wafalme wa ukoo wa Nagvanshi. Mji wa Nagpur wa Maharashtra ni mwingine kabisa. Uko mbali upande wa magharibi na watu wake huongea Kimarathi. "Gawari" au "Ganwari" maana yake ni lugha ya kijijini. Mmisionari E. H. Whitley alilitumia mwaka 1896 alipoandika maelezo ya sarufi yake. Jina hilo lina dharau ndani yake na halifai kutumiwa leo mbele ya mwenye lugha.

Kwa desturi, mtu wa Ranchi aliyesoma na anayeandika mashairi atasema lugha yake ni Nagpuri, na vyuo vikuu hutumia jina hilo. Watu wa Odisha, Bengal, Assam na Bangladesh watasema Sadri. Huko Assam utasikia pia "lugha ya bagani", na bagani ni shamba la chai.

Unapotafuta, usiandike "Nagpuri" peke yake. Utaletewa machungwa kweli. Ongeza "Jharkhand" au "Ranchi". Katika orodha za kimataifa za lugha, alama ya Kisadri ni sck, na Kisadri cha Waoraon, jamii mojawapo ya Adivasi, wa Bangladesh kimepewa yake, sdr. Ukiwa na alama hizo mbili hutapotea katika maktaba yoyote ya lugha.

Wanaokizungumza ni wangapi? Kila tovuti ina idadi yake. (Msomaji, Nairobi)

Idadi zinatofautiana kwa sababu ya hayo majina tuliyoyataja sasa hivi. Katika sensa ya India ya mwaka 2011, waliosema lugha yao ya mama ni "Sadan/Sadri" walikuwa takriban milioni 4.35. Waliosema "Nagpuria" wamewekwa mstari mwingine, nao ni kama 763,000. Tovuti nyingine huchukua mstari wa kwanza tu, nyingine wa pili tu. Ukiijumlisha unapata kama milioni 5.1, na hapo hujawahesabu walio nje ya India wala wale ambao Kisadri ni lugha yao ya pili.

Lakini jambo kubwa zaidi ni mahali mistari hiyo ilipo. Sensa ya India humwuliza mtu jina la lugha yake, halafu ofisi inazipanga lugha hizo chini ya lugha kubwa. Sadri na Nagpuria zote mbili zimewekwa chini ya Kihindi. Ndiyo maana Kihindi cha 2011 kina watu milioni 528, lakini ukifungua orodha ya ndani unakuta walioandika "Kihindi" chenyewe ni milioni 322. Waliobaki ni Wabhojpuri zaidi ya milioni 50, Wamagahi milioni 12 na ushee, Wasadri, na wengine kadha wa kadha. Mtu ametaja lugha yake vizuri, karani akaiandika vizuri, na bado kwenye ukurasa wa mbele akasomeka Mhindi wa Kihindi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha takwimu yoyote ya Kisadri, mwulize kwanza ametumia mstari upi.

Ni lugha ya kabila gani? (Msomaji, Kigoma)

Wewe wa Kigoma utaelewa haraka kuliko wengine, kwa sababu jibu linafanana na la Kiswahili: kuna waliozaliwa nacho, na kuna waliokichukua.

Waliozaliwa nacho ni jamii za Sadan, na wengine kama Chik Baraik, ambao kazi yao ya asili ni kufuma nguo. Hao hawana lugha nyingine ya nyumbani. Waliokichukua ni Adivasi, na hapa ndipo palipo na utajiri wa jambo lenyewe. Wamunda, Wakharia na Waho wana lugha za jamii ya Kimunda, ambazo ndugu zao wa mbali ni Kikhmer cha Kambodia na Kivietinamu. Waoraon wana lugha yao, Kikurukh, ambayo ni ya Kidravidi, ukoo mmoja na Kitamil cha kusini. Kwa hiyo katika uwanda mmoja zimekutana koo tatu za lugha zisizohusiana hata kidogo. Mworaon na Mkharia wakikutana sokoni Gumla au Simdega, kila mmoja na lugha yake, hawaelewani hata neno. Kisadri ndicho kinachowapatanisha.

Kiswahili kilipokwenda bara kilikuta lugha nyingi za Kibantu, kwa hiyo Mnyamwezi au Mkamba alikuta ngeli anazozijua. Mworaon alipochukua Kisadri alikuwa anahama kutoka ukoo hadi ukoo. Alikuja na mizigo yake, na Kisadri kikabadilika kwa kubebwa naye. Ndiyo maana leo kina sura isiyofanana sana na ya ndugu zake wa Bihar.

Upande wa pili wa shilingi haupendezi. Waoraon wengi, hasa wa mashambani mwa chai na wa Bangladesh, wameacha Kikurukh kabisa. Kisadri kimekuwa lugha ya mama. Kile kile kinacholalamika kumezwa na Kihindi kimemeza wengine.

Mahali pa kukisikia kikiwa katika ubora wake ni kwenye akhra, uwanja wa wazi wa kijiji ambako watu hucheza ngoma. Wakati wa sikukuu ya Karam, tawi la mti wa karam husimikwa katikati ya uwanja na watu hucheza kulizunguka usiku kucha, kwa ngoma ya mandar, ile ndefu ya udongo yenye ngozi pande mbili, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Mtindo mkuu wa nyimbo na mchezo unaitwa jhumair, na upo wa wanaume na wa wanawake. Miongoni mwa waimbaji wa Kinagpuri waliopewa nishani ya Padma Shri na serikali ya India ni Mukund Nayak mwaka 2017 na Madhu Mansuri Hasmukh mwaka 2020.

Imefikaje Assam na Bangladesh? (Msomaji, Kericho)

Kwa miguu, kwa garimoshi na kwa meli za mtoni, na kwa mkataba. Kampuni ya Assam ilianzishwa mwaka 1839 kulima chai. Wenyeji wa bonde la Brahmaputra walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchuma majani kwa ujira ule. Wenye mashamba wakageukia Chota Nagpur, ambako watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi na wakopeshaji na wamiliki wapya. Kulikuwa na njia mbili za kuwaandikisha: madalali walioitwa arkati, wenye sifa mbaya ya udanganyifu, na sardar, yaani mfanyakazi mwenyewe aliyerudishwa kijijini kwake aje na ndugu na majirani. Sheria ya mwaka 1865 ilimpa hata mwenye shamba haki ya kumkamata mfanyakazi aliyetoroka, bila polisi.

Sasa fikiria kambi ya shamba: nyumba za mstari mmoja, huyu Mmunda, yule Mworaon, yule Mgond, yule ametoka Odisha. Msimamizi anatoa amri. Lugha gani itumike? Iliyokuwa tayari na kazi hiyo huko walikotoka. Kisadri kikawa lugha ya mashamba ya Assam, ya Dooars upande wa kaskazini wa Bengal, na ya Sylhet, ambako shamba la Malnicherra lilianza mwaka 1854. Sylhet leo ni Bangladesh. Waoraon wengine hawakwenda kwenye chai. Walikwenda kulima kaskazini-magharibi mwa Bangladesh ya leo, upande wa Rajshahi, Rangpur na Dinajpur.

Kuna tawi lingine watu husahau. Kuanzia mwaka 1918 vibarua kutoka Chota Nagpur walipelekwa visiwa vya Andaman kukata miti, na wazao wao wanaitwa huko "Waranchi" hadi leo, ingawa wengi wao hawajapata kuiona Ranchi.

Kisadri cha Assam kimeshachukua maneno na matamshi ya Kiassam na Kibengali. Mtu wa Ranchi na mtu wa bagani wataelewana katika mambo ya nyumbani, lakini ukileta karatasi ya serikali au habari za redio, kila mmoja atalalamika kwamba mwenzake anachanganya.

Tofauti moja inayouma ni ya kisheria. Mworaon wa Jharkhand anatambuliwa katika orodha ya makabila yanayolindwa na katiba. Binamu yake wa Assam, babu mmoja, hatambuliwi hivyo ndani ya Assam. Madai hayo yako mezani kwa miaka mingi.

Nataka kujifunza. Nianzie wapi ili nisitupe muda? (Msomaji, Dodoma)

Anza na vitenzi viwili vya "kuwa". Wanafunzi waliotoka kwenye Kihindi hushindwa hapa, kwa sababu Kihindi kina kimoja tu. Wewe unayeongea Kiswahili umeshavijua bila kujua kuwa unavijua, maana unatofautisha "ni" na "-po/-ko/-mo".

Neno "heke" ni "ni", na "ahe" ni "upo, ipo, yuko". Tazama wali, ambao wao huuita bhat:

"I bhat heke." Huu ni wali.
"Ghar me bhat ahe." Nyumbani kuna wali.

Na kukanusha kuna maneno mawili vilevile:

"I bhat nalage." Huu si wali.
"Ghar me bhat nakhe." Nyumbani hakuna wali.

Jifunze hizi nne kwanza, hadi zitoke zenyewe. Ukisema "nakhe" pale panapotaka "nalage", umesema wali haupo wakati wenyewe uko mbele yako kwenye sahani. Ni kosa lile lile la mgeni anayekuambia "mimi niko mwalimu".

Pili, mpangilio. Kitenzi hukaa mwisho: "moe bhat khalõ", yaani "mimi wali nilikula". Na kiambishi cha nafsi, ambacho sisi tunakitanguliza, wao hukiweka nyuma. Wakati uliopita huonyeshwa kwa l:

moe khalõ, nilikula
toe khalis, ulikula
u khalak, alikula
hame khali, tulikula
tohre khala, mlikula
uman khalaẽ, walikula

Hiyo l ukiitazama na "-li-" yetu utacheka. Ni bahati tu, hakuna undugu, lakini inasaidia kukumbuka. Shika sana hilo "-lak" la nafsi ya tatu. "Gelak", alienda, "khalak", alikula. Ukilisikia kwenye wimbo ujue uko Chota Nagpur.

Tatu, wingi na umilikaji, ambavyo ni vyepesi. Wingi ni "-man" mwishoni: chhaua ni mtoto, chhauaman ni watoto. Umilikaji ni "kar", na haubadiliki: "Ranchi kar bajar", soko la Ranchi. Hakuna wa, ya, la, cha, za. Kihindi chenyewe hubadilisha ka, ki, ke kufuata jinsia. Kumbuka tu kwamba mpangilio umegeuzwa: mwenye kitu hutangulia.

Nne, kuhesabu. Namba hazigusi nomino moja kwa moja. Kuna kijineno katikati. Vitu huchukua "go" (sehemu nyingine utasikia "tho"), watu huchukua "jhan". Kwa hiyo ni "dui go" kwa vitu viwili, "dui jhan" kwa watu wawili. Kusema "dui" kavu si kosa la kukufungisha, ila utasikika kama mtu anayesoma namba za simu.

Mwisho, heshima. "Toe" ni wewe kwa mtoto au rafiki. Kwa mtu wa kuheshimiwa tumia "raure". Mgeni akiuliza jina aseme "Raur nam ka heke?" na kujibiwa "Mor nam fulani heke." Salamu ni "Johar", ambayo Adivasi wa jimbo zima huitumia, asubuhi hadi usiku, na haina majibu marefu kama ya kwetu. Ukisema "Johar" unajibiwa "Johar". Basi.

Ukitenga nusu saa kila siku, wiki ya kwanza iwe ya zile sentensi nne na salamu, ya pili iwe ya jedwali la vitenzi. Usianze na kamusi. Na usijifunze Kihindi kwanza "ili kurahisisha". Utajikuta unatia jinsia kwenye kila kitenzi, na kuiondoa baadaye ni kazi kuliko kuanza upya.

Matamshi yananishinda. Nasema "bat" wananiletea chakula. (Msomaji, Muscat)

Hapo hujakosea sana, umepumua tu. "Bat" ni maneno, mazungumzo. "Bhat" ni wali. Tofauti ni pumzi inayotoka baada ya b. Weka kiganja mbele ya mdomo: kwenye "bat" hakuna kitu, kwenye "bhat" utasikia hewa.

Wasomaji wa pwani wana faida. Anayetofautisha kaa la moto na k'aa wa baharini, au paa la nyumba na p'aa wa porini, tayari anao mpumuo wa k na p. Wa bara wengi tumeupoteza. Kilicho kigeni kwa wote ni mpumuo wa b, d na g: ghar, nyumba, haitamkwi kama "gh" ya "ghali". Usiivute kooni. Ni g ya "gari" ikifuatiwa na pumzi.

La pili ni t na d, ambazo zipo za aina mbili: ncha ya ulimi ikigusa meno, na ncha ikipindwa nyuma kugusa kaakaa. Ukizichanganya watakuelewa mara nyingi, ila usizoee. La tatu ni irabu zinazotoka puani, tulizoziwekea kiwimbi juu: õ, ẽ. Ukiiacha hiyo õ ya "khalõ" bado utaeleweka, kwa kuwa "moe" limeshasema ni nani aliyekula.

Na usishangae kusikia "rait" kwa usiku, "aig" kwa moto na "chair" kwa nne, pale Kihindi kinaposema "rat", "ag" na "char". Hiyo i ya katikati ndiyo lafudhi ya Chota Nagpur. Pia z yao ni j na sh yao ni s. Soko ni "bajar", elfu ni "hajar".

Ni kweli "dada" kwao ni mwanamume? (Msomaji, Mombasa)

Kweli, na si hilo tu. Dada ni kaka mkubwa. Kaka ni baba mdogo, amu. Mama ni mjomba. Mama mzazi wanamwita "ayo", dada mkubwa ni "didi", babu ni "aja" na bibi ni "aji". Kwa hiyo ukisikia "mor mama" usidhani anamlilia mzazi wake. Anataja ndugu wa mama yake.

Kwa upande mwingine kuna maneno utakayoyatambua mara moja: kitab, duniya, khabar, gari. Matatu ya kwanza yana asili ya Kiarabu na yalifika kwetu na kwao kwa njia tofauti. Gari ni la Kihindi na lilivuka bahari kuja huku.

Wahindi wa hapa kwetu wanakijua? (Msomaji, Kampala)

Kwa kawaida hapana. Jamii zenye asili ya India zilizokaa Afrika Mashariki zimetoka zaidi Gujarat, Kachi, Punjab na Goa, yaani magharibi na kaskazini-magharibi. Chota Nagpur ni upande wa pili wa nchi.

Kinaandikwa kwa herufi gani, na kinafundishwa shuleni? (Msomaji, Zanzibar)

Jharkhand na Chhattisgarh hutumia Devanagari, zile zile za Kihindi. Zamani kulikuwa na mwandiko wa Kaithi, wa makarani. Odisha utakuta herufi za Kiodia, na Bengal na Bangladesh za Kibengali. Vijana kwenye simu wanaandika kwa herufi za Kirumi, kila mtu na tahajia yake: moe, moy, mui, zote ni "mimi".

Ukitaka kuandika kwa Devanagari, kibodi ya Kihindi kwenye simu inatosha, hakuna herufi ya ziada. Ila zima usahihishaji wa maneno kabla ya kuanza. Usipouzima, simu itageuza "heke" na "khalak" kuwa maneno ya Kihindi huku ukitazama.

Fasihi ipo tangu zamani. Washairi wa karne ya 17 wanatajwa, pamoja na Raghunath Shah, mfalme mwenyewe wa Nagvanshi. Mjesuiti Peter Shanti Navrangi alitoa sarufi fupi mwaka 1956, na redio ya taifa ikafungua kituo Ranchi mwaka 1957. Chuo Kikuu cha Ranchi kina idara ya lugha za Adivasi na za kieneo, iliyojengwa na Ram Dayal Munda, Mmunda msomi na mwanamuziki. Inafundisha lugha tisa, na Kinagpuri kimo.

Jimbo la Jharkhand lilizaliwa tarehe 15 Novemba 2000, na mwaka 2011 Kinagpuri kikawa miongoni mwa lugha zake rasmi za pili. Lakini hakimo katika Jedwali la Nane la katiba ya India, lenye lugha 22. Kisanthali kiliingizwa huko mwaka 2003 pamoja na Kimaithili. Lugha iliyomo kwenye jedwali hilo inaweza kutumiwa katika mitihani ya utumishi wa serikali kuu. Ambayo haimo, mzazi anajiuliza mtoto aisome kwa faida gani.

Bangladesh, ambako wasemaji ni wachache kuliko India kwa mbali, ilitoa vitabu vya darasa la awali kwa lugha tano za jamii ndogo mwaka 2017: Kichakma, Kimarma, Kitripura, Kigaro na Kisadri.

Shirika letu linaandaa maelezo ya afya kwa wachuma chai wa Assam. Tumepewa mfasiri wa Ranchi. Inatosha? (Msomaji, Geneva)

Haitoshi peke yake. Mfasiri wa Ranchi atakuandikia Kinagpuri kizuri cha chuo, na mchuma chai atakisikia kama hotuba. Mwachie rasimu ya kwanza, kisha itafuteni familia moja ya bagani yenyewe, si ya mji wa jirani, isomewe kwa sauti. Palipo na neno la Kihindi rasmi la ugonjwa, ulizeni wao husemaje pale mtoto anapoharisha au mtu anapokohoa damu, mtumie neno hilo.

Msichapishe kwanza. Wazee wengi wa mashambani hawakusoma, na watoto wao wamesomea Kiassam, kwa hiyo karatasi ya Devanagari itafungiwa maandazi. Rekodini sauti, dakika mbili kwa kila somo, msemaji awe mwanamke wa bagani, maana wachumaji wengi ni wanawake. Kama lazima pawe na maandishi, yawe kwa herufi za Kiassam. Na kwenye jalada andikeni "Sadri". Mkiandika "Nagpuri", kuna watakaodhani si chao.